Waifai inashika lakini intaneti hakuna, kwa baadhi ya wapangaji tu (Ng'ong'ona, Dodoma)

MwalimuMstaafu

Habari za jioni wana jukwaa. Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, si fundi. Atakayenijibu anijibu kwa maneno ya kawaida, na akilazimika kutumia neno la kitaalamu alieleze, kama nilivyokuwa nawaeleza watoto wa watu sehemu na desimali kwa miaka 34.

Nina nyumba Ng'ong'ona, huku wanakopanga wanachuo. Nyumba kubwa naishi mimi na mjukuu wangu wa darasa la sita, na uani kuna vyumba tisa vya kupangisha. Mwaka juzi niliingiza intaneti ya mkongo. Kila chumba kinachangia elfu saba kwa mwezi, inayopungua najazia mimi. Rauta iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Mwaka mzima na zaidi hatukuwa na neno.

Sasa ni wiki ya tatu. Simu inashika waifai, mistari imejaa, halafu inaweka alama ya mshangao na kusema hakuna intaneti. Na haiwapati wote. Namba 2 anaangalia mpira, namba 3 waliyetenganishwa na ukuta wa tofali moja hana kitu. Kesho yake wamebadilishana. Umeme ukikatika na kurudi ndiyo balaa, karibu nyumba nzima inakosa kwa mpigo, na kwa upepo huu wa Agosti mnajua wenyewe umeme wetu unavyopepesa macho.

Mimi siamini maneno, naamini maandishi. Nikachukua daftari. Binti wa namba 5 alinionyesha jinsi ya kubonyeza jina la waifai kwenye simu na kuona namba inayoitwa anwani ya IP, basi kila asubuhi na kila jioni napita mlango kwa mlango naandika. Nimefanya hivyo siku nane. Nawawekea siku moja tu muone:

Jumatatu, saa 1 asubuhi. Namba 1: 192.168.1.104, inafanya kazi. Namba 3: 192.168.0.103, hakuna. Namba 5: 192.168.1.117, inafanya kazi. Namba 8: 192.168.0.101, hakuna, na analalamika mawimbi yamekuwa hafifu. Luninga ya sebuleni: 192.168.1.102, haijawahi kukosa hata siku moja.

Jumatatu, saa 2 usiku. Namba 1, karudi chuoni: 192.168.0.105, hakuna. Namba 3: 192.168.1.121, inafanya kazi. Namba 5, hakutoka kutwa, alikuwa na malaria: 192.168.1.117, inafanya kazi.

Nilichogundua ni kwamba anayeshinda ndani hasumbuki. Wanaosumbuka ni wale wanaotoka na kurudi. Nilidhani ni adhabu ya wazururaji, lakini mashine haina maadili.

Jambo la mwisho. Nina mtu ninayemshuku. Namba 7 anasoma mambo ya TEHAMA, na ukisimama mbele ya mlango wake simu inaonyesha waifai nyingine yenye jina la herufi na tarakimu zisizoeleweka, mawimbi yake makali kuliko yangu. Nimemuuliza mbele ya wenzake, akakana. Nimempa hadi mwisho wa mwezi aseme ukweli au atafute chumba kwingine.

Nifanyeje?

KijanaWaMtumba

Shikamoo mwalimu. Nipo kitengo cha TEHAMA kwenye ofisi moja hapa Mji wa Serikali, haya mambo nayaona kila wiki.

Rauta yako ina fungu la anwani inazogawa, tuseme 50, kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.149. Kila simu ikija inakodishwa moja kwa muda fulani, kwa kawaida saa 24. Hata mwenye simu akiondoka, anwani yake haitolewi kwa mwingine mpaka muda uishe. Vyumba tisa, kila mmoja simu na kompyuta mpakato, marafiki wanaokuja kujisomea usiku wakipewa nenosiri, fungu linakauka. Anayekuja wa mwisho hapati.

Halafu kuna hili watu hawalijui: simu za Android tangu toleo la 10, na iPhone tangu iOS 14, hazitumii tena ile anwani ya MAC ya kiwandani (namba ya kukitambulisha kifaa chenyewe) kujitambulisha kwenye waifai. Zinabuni ya bandia kwa kila mtandao. Kwa hiyo simu moja inaweza kuonekana kwenye rauta kama wageni wawili, wa kwanza ilipokuwa na MAC ya zamani na wa pili baada ya mabadiliko. Nafasi zinaliwa bila watu.

Dawa: ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta sehemu ya DHCP, yaani ya ugawaji wa anwani, panua fungu lifike 249, punguza muda wa kukodi uwe saa 6 au 8. Kazi ya dakika tano.

bando_limeisha

Elfu saba kwa mwezi na mshangao juu? Mama rudisha watu kwenye bando. Boom, ile pesa ya mkopo wa wanachuo, likitoka watanunua wenyewe.

MwalimuMstaafu

Marahaba KijanaWaMtumba, na ahsante kwa maelezo, sasa najua kukodi maana yake nini. Lakini kabla ya kutibu nilipima. Binti wa namba 5 alinisomea karatasi iliyobandikwa chini ya rauta, tukaingia kwenye huo ukurasa. Fungu ni kweli linaanzia 100 hadi 149, yaani anwani 50. Tukahesabu waliomo kwenye orodha: 31. Zimebaki 19. Kapu halijajaa.

Na kuna hili nililolitazama mpaka chai ikapoa. Kwenye orodha ya rauta wote wanaanza na 192.168.1. Hakuna hata mmoja mwenye 192.168.0. Namba 3 jana alikuwa na 192.168.0.103, namwona kwa macho yangu kwenye simu yake, lakini rauta haimjui. Kama rauta yangu haikumpa ile namba, nani kampa?

bando_limeisha, usiniite mama kama hujanisalimia.

bando_limeisha

Shikamoo mwalimu. Samahani.

MkaziAreaD

Ngoja niwasaidie. Mwalimu angalia kwenye ukurasa huo huo sehemu ya WAN, yaani upande intaneti inakoingilia, kama inaanza na 100.72 au 100.80 hivi basi umepewa intaneti ya uongo, si anwani halisi. Hapo ndipo tatizo lilipo. Mimi niligombana nao sana kuhusu hili.

FundiNyaya

MkaziAreaD, hapana kaka. Anwani za kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 maalumu kwa watoa huduma, ili wateja wengi washirikiane anwani moja ya nje kwa sababu zile za zamani zimekwisha duniani. Inakera ukitaka kuangalia kamera zako ukiwa mbali, lakini haiwezi kumfanya namba 2 apate na namba 3 akose. Wote wawili wanatoka kwa mlango huo huo.

Mbukwa mwalimu. Umeuliza swali sahihi kuliko sisi wote: nani kampa?

KijanaWaMtumba, rudi usome lile daftari. Jibu liko hapo tangu ujumbe wa kwanza. Wenye 1 baada ya 168 wote wanapata. Wenye 0 wote wanakosa. Hakuna hata mmoja aliyechanganya. Mtandao wa fungu lililojaa hauonekani hivyo. Fungu likijaa, simu inabaki inazunguka imeandika inapata anwani ya IP, halafu inakata tamaa. Kompyuta ya Windows ikikosa wa kuipa inajipachika yenyewe namba inayoanza na 169.254. Hiyo 169.254 maana yake niliita, hakuna aliyeitika. Kwako kila aliyeita kaitikiwa. Shida ni kwamba wanaoitika ni wawili.

Nieleze kidogo, mwalimu, maana ulisema tueleze. Simu ikiingia kwenye waifai haijui mtu. Haina namba, haijui rauta iko wapi. Kwa hiyo inapiga kelele nyumba nzima: jamani, kuna anayegawa anwani humu? Kelele hiyo inafika kila kona iliyounganishwa, iwe kwa waifai au kwa waya. Mgawaji anajibu: chukua hii. Simu inasema: sawa, naichukua. Mgawaji anamaliza: umeandikishwa, ni yako kwa saa kadhaa, na ukitaka kutoka nje pita kwangu. Ndiyo hiyo DHCP yote. Utaratibu wenyewe ni wa miaka ya 1990 na uliandikwa kwa kuaminiana, hakuna anayemdai mgawaji kitambulisho. Wakijibu wawili, simu kwa kawaida inamchukua aliyewahi.

Sasa humo ndani kwako kuna kisanduku kingine chenye anwani 192.168.0.1 kinagawa. Kinawaambia watu pita kwangu, lakini chenyewe hakina mkongo nyuma yake. Anayepita kwake anafika ukutani. Ndiyo maana waifai imejaa na intaneti hakuna.

Na ndiyo maana anayeshinda ndani hasumbuki. Simu au luninga iliyokwisha pewa namba haipigi kelele tena. Ikifika nusu ya muda wake, kama ni saa 24 basi baada ya saa 12, inamfuata yule yule aliyempa na kumwomba amwongezee. Binti aliyekuwa na malaria hakuachia namba yake, basi hakukutana na yule wa pili. Aliyetoka akarudi anaanza kuulizia, hapo ni bahati nasibu. Umeme ukirudi wote wanauliza kwa pamoja, na hicho kisanduku cha pili hakina mkongo wa kusubiri uamke, kiko tayari mapema.

Kukipata: chukua kompyuta mpakato iliyokosa intaneti, fungua dirisha la amri, andika

ipconfig /all

Utaona mstari unaotaja seva ya DHCP. Mbele yake kama ni 192.168.0.1, umemkamata jina. Ukitaka sura yake, andika

arp -a

Kwenye orodha tafuta 192.168.0.1, pembeni yake kuna anwani ya MAC, tarakimu na herufi mbilimbili jozi sita. Hiyo hiyo imeandikwa kwenye karatasi chini ya kila kisanduku. Ukigeuza visanduku vyote vya nyumba hiyo utamkuta mwenyewe.

Njia ya kienyeji, ambayo mimi huianza: nenda kwenye rauta kubwa, chomoa nyaya za nyuma moja baada ya nyingine. Kila ukichomoa mmoja, zima waifai ya simu, iwashe, angalia namba. Waya ambao ukiuchomoa zile 0 zinakoma, ufuate mpaka mwisho wake.

Inawezekana kabisa ni namba 7 kachomeka rauta yake ya zamani kwa tundu lisilo lake, vijana wanafanya hivyo kutaka mawimbi. Lakini usimfukuze kabla ya kufuata waya.

KijanaWaMtumba

Nakiri nilisoma haraka. FundiNyaya yuko sahihi. Swali moja mwalimu: kabla ya hizi wiki tatu, kuna kitu chochote kilibadilishwa? Daftari lako linaanza lini?

MwalimuMstaafu

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nafuata waya, na baada ya hapo nilikuwa na shughuli nyingine nitakayoieleza.

Nyuma ya rauta kuna nyaya tatu. Wa kwanza ni wa luninga. Wa pili ni wa printa. Wa tatu unapanda darini na kutokomea. Niliuchomoa huo wa tatu, binti wa namba 5 akawa anazima na kuwasha waifai ya simu yake: 1, 1, 1, 1. Mara sita mfululizo. Nikaurudisha: 0, 1, 0, 0. Huo hapo.

Kwenye kompyuta ya namba 3 tuliandika yale maneno. Seva ya DHCP: 192.168.0.1. Tukaandika na yale ya pili, tukaipata ile MAC, tukaiandika kwenye karatasi. Mjukuu wangu akapanda darini na tochi, waya unapita juu ya jiko, unatokea barazani uani, unashuka kwenye kijisanduku cheusi chenye antena mbili kilichofungwa na mfuko wa nailoni kuzuia vumbi. Kiko kwenye nguzo ya baraza, hatua tatu kutoka mlango wa namba 7. Nikakigeuza. MAC ni ile ile.

Kisanduku hicho ni changu.

Ni rauta ya zamani, ya kabla ya mkongo. Fundi aliyeniwekea mkongo alisema vyumba vya mwisho havitapata mawimbi, akakichukua akakipachika barazani kiwe kinaongezea. Nilikuwa nimekisahau kama mtu anavyosahau bawaba ya mlango.

Ndipo nikakumbuka swali la KijanaWaMtumba kuhusu daftari linaanza lini. Lile la wapangaji linaanza baada ya tatizo. Lakini nina lingine, la matumizi ya nyumba, huwa naandika humo kila nilichofanya. Nimelifungua. Nanukuu nafsi yangu: “Alhamisi. Umeme ulikatika mara nne. Intaneti hakuna nyumba nzima. Nimepiga huduma kwa wateja. Kijana kasema nichukue pini, nichokonoe kitundu cha nyuma ya kisanduku chenye antena, nihesabu kumi. Nimefanya. Imerudi saa 3 usiku.”

Kisanduku chenye antena. Cheupe cha sebuleni hakina antena inayoonekana. Cheusi cha barazani kinazo mbili. Mimi nilifuata maelekezo neno kwa neno. Intaneti ilirudi saa 3 kwa sababu zao wenyewe, si kwa sababu ya pini yangu.

Kwa hiyo jina lile lisiloeleweka lenye mawimbi makali mbele ya namba 7 ni langu pia, liko kwenye karatasi ya chini ya kisanduku, nimelisoma herufi kwa herufi.

Ile shughuli nyingine ni kwamba nimekwenda kugonga namba 7. Nilimtuhumu mbele ya wenzake, nikaona haitoshi kumwomba radhi chumbani. Nimewaita wote uani. Kijana kasema, “Mwalimu, nilijua ni kile cha barazani, ila ulikuwa umeshakasirika.” Sikuwa na la kujibu.

Sasa nimekichomoa na wote wanapata, isipokuwa namba 8 na 9 ambao mawimbi hayawafikii vizuri. Nakirudishaje kiwe kama alivyokiweka fundi?

FundiNyaya

Pole mwalimu, na hongera. Hiyo pini imewahi kuniliza hata mimi, na mimi nalipwa kwa kazi hii. Kukichokonoa kilirudi kama kilivyotoka dukani. Fundi wako alikuwa amezima ugawaji wake wa anwani, akakipa namba isiyogongana na rauta kubwa, akakipa jina lile lile la waifai ya nyumba. Sekunde kumi zimefuta vyote. Ndiyo maana pia namba 8 alilalamika mawimbi hafifu: jina analolijua lilitoweka barazani, simu yake ikabaki inanyooshea shingo sebuleni.

Kukirudisha, zingatia mpangilio, maana ukianzia mwisho utajifungia nje.

Kwanza usikichomeke kwenye rauta kubwa. Kiwe peke yake, kiwashe, unganisha kompyuta kwa waya kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, yale manne yanayofanana rangi. Zima waifai ya kompyuta ili isichanganye. Fungua kivinjari, andika 192.168.0.1, ingia kwa nenosiri lililo kwenye karatasi ya chini.

Anza na waifai: jina lile lile la nyumba, nenosiri lile lile, herufi kubwa na ndogo vile vile. Chaneli iwe tofauti na ya rauta kubwa; kwenye masafa ya 2.4 tumia 1, 6 au 11, hizo hazipandiani.

Kisha anwani ya LAN, ibadilishe kutoka 192.168.0.1 iwe 192.168.1.2. Hiyo iko nje ya fungu lako la 100 mpaka 149, kwa hiyo hakuna simu itakayopewa. Ukihifadhi, ukurasa utakatika. Usiogope. Subiri kijiwashe, andika 192.168.1.2, utaingia tena.

Mwisho kabisa, zima seva ya DHCP. Hii iwe ya mwisho kwa sababu ukiizima mapema na kisanduku kikijiwasha upya, kompyuta yako itakosa wa kuipa anwani, itaishia 169.254 na ule ukurasa hutauona tena mpaka uandike namba kwa mkono. Wengi hapo ndipo wanaichukua tena pini.

Baada ya hapo, waya wa darini uchomeke kwenye tundu la LAN, si lile la pekee yake lenye rangi tofauti. Ukiuchomeka kwenye tundu la WAN utakuwa umetengeneza mtandao ndani ya mtandao na nitakuona hapa wiki ijayo.

Halafu kila mtu azime waifai na kuiwasha. Kuna atakayeng'ang'ania 0 kwa sababu simu yake bado inaamini imekodi. Kwenye Windows andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Kwenye simu, isahau waifai na kuiunga upya.

KijanaWaMtumba

Nyongeza mwalimu. Umesema kuna printa kwenye waya. Ina namba gani? Wasimikaji wengi huipa printa namba ya kudumu kwa mkono, na wakichagua iliyo ndani ya fungu, siku moja rauta itampa mtu namba hiyo hiyo, hasa umeme ukirudi, kwa sababu rauta nyingi za nyumbani haziandiki popote daftari la waliokodi. Zikizimika zinasahau. Yako inaweza kuanza kugawa upya bila kujua namba hiyo ina mwenyewe tayari.

MwalimuMstaafu

KijanaWaMtumba, umenikamata tena. Printa ni 192.168.1.105, iliwekwa kwa mkono na mwanangu alipokuja likizo. Nimerudi kwenye daftari: namba 4 alipewa 192.168.1.105 Jumamosi, nimeandika “inashika na kuachia”, na siku hiyo hiyo namba 6 alikuja kulia kwamba fomu zake za mafunzo kwa vitendo hazichapi. Mimi nilidhani ni wino.

Kisanduku kimekaa sawa. Nilifuata mpangilio wa FundiNyaya hatua kwa hatua, kijana wa namba 7 ndiye aliyeshika kompyuta na mimi nikawa nasoma. Ukurasa ulipokatika kama ulivyosema, alinigeukia, nikamwambia fundi kasema tusiogope. Namba 8 na 9 wana mistari yote. Usiku huu umeme umekatika na kurudi mara mbili, nimepita milango yote tisa na daftari: wote 192.168.1, hakuna 0.

Kijisanduku nimekibandika gundi ya karatasi juu, nimeandika kwa maka peni: HIKI HAKIGAWI NAMBA. USICHOKONOE. Na kitundu chenyewe nimekiziba na kipande kingine.

Printa niipe namba gani?

KijanaWaMtumba

Ipe 192.168.1.20. Au iache ijichukulie yenyewe, halafu kwenye rauta kubwa, sehemu ya DHCP, kuna mahali pa kutenga anwani kwa MAC: unaandika MAC ya printa na namba unayotaka, rauta inamhifadhia yeye tu siku zote. Mimi napenda hii ya pili, maana kila kitu kinaandikwa mahali pamoja. Ila usifanye hivyo kwa simu za wanachuo. Zile MAC zao ni za kubuni, na siku ukibadili jina la waifai zitakuja na nyingine kama wageni kabisa.

Na bado nakushauri upunguze muda wa kukodi uwe saa 8. Thelathini na moja kati ya hamsini leo ni salama, lakini wiki ya mitihani kila mmoja ataleta wenzake watatu.

FundiNyaya

Na badili nenosiri la kuingilia ukurasa wa rauta kubwa. Lile la kwenye karatasi kila aliyewahi kufagia sebuleni analijua.

MwalimuMstaafu

Nenosiri nimebadili. Printa nimeitengea 192.168.1.120 kwa MAC, fomu za namba 6 zimetoka zote kumi na mbili. Muda wa kukodi saa 8.

Namba 7 kaomba apunguziwe ile elfu saba ya mwezi huu. Nimempa mwezi huu na ujao.